Maharage Niliyotakiwa Kuyaombea

Machi 4

Mvua ya kwanza. Nguo zote zimelowa kambani. Mkanda wa cherehani umekatika, kwa hiyo nimemaliza sketi moja tu ya sare za shule, na hiyo moja marinda yamekwenda upande.

Machi 6

Mume wangu amerudi kutoka shuleni na trei mbili za plastiki, mfuko wa udongo na maharage makavu. Nikadhani ni vitu vya wanafunzi. Anafundisha sayansi, na wanafunzi wanamwita Bwana Kipimo, kwa sababu ukimwambia lolote, hata kwamba leo kuna joto, atakuuliza, "Umepima?"

Akatua mzigo wake juu ya vitambaa vyangu, akasema, "Mama Chiriku, nataka kujua kama Mungu yupo."

Alisema kama mtu anayeuliza kama chumvi ipo.

"Ondoa udongo kwenye kitambaa cha watu," nikamwambia.

"Sitanii."

"Najua hutanii. Ondoa udongo."

Chiriku ni binti yetu. Alikuwa na jina la ubatizo, lakini tangu ajue kusema hakunyamaza, shangazi yake akamwita Chiriku, likabaki hilo. Mwaka jana, mvua zikiwa hivi hivi, homa ya uti wa mgongo ilimwangusha Jumapili, na Ijumaa tukamzika. Miaka kumi na mmoja. Kanisa zima lilifunga. Mimi ndiye kiongozi wa kwaya, kwa hiyo mimi ndiye niliyeongoza maombi kwenye ua wa hospitali mpaka sauti ikakauka. Baba yake hakuomba. Alikuwa mtu wa kuonekana kanisani kwenye harusi tu. Alisimama pembeni na mwavuli, akisubiri majibu ya maabara.

Machi 7

Amenieleza jaribio lake kama anavyowaeleza wanafunzi, kwa kidole hewani. Trei mbili, udongo mmoja, maji kiasi kimoja, mwanga mmoja. Mimi nirushe sarafu kuchagua trei ya kuombea, kushoto au kulia. Kila asubuhi niingie chumba cha nyuma peke yangu, niiombee ile moja, nyingine niiache. Yeye nisimwambie ni ipi. Atamwagilia na kupima urefu tu.

"Nikijua ni ipi, jicho langu litapendelea," alisema.

"Kwa nini mimi? Si kuna mchungaji?"

"Mchungaji simjui akiomba. Wewe nakujua. Wewe ukiomba, unaomba kweli."

Nilikuwa nimeshika sindano ya kushonea nikajichoma kidole.

"Na majibu yakiwa ndiyo?"

"Yakiwa ndiyo, basi Chiriku yuko mahali. Sihitaji kujua ni wapi. Yuko mahali."

"Na yakiwa hapana?"

Akachukua rula akaanza kupima udongo, ambao haukuwa na cha kupimwa.

Machi 8, Jumapili

Nimerusha sarafu kabla ya ibada. Imesema kushoto.

Nikafunga mlango, nikapiga magoti mbele ya trei ya kushoto, nikafumba macho. Hakuna kilichokuja. Ngoja niandike ukweli mahali pamoja hata kama siwezi kuusema: tangu tulipotoka makaburini mimi sijaomba. Kanisani nakwenda, mbele ya kwaya nasimama, mikono inaongoza na mdomo unachezacheza, lakini sauti sitoi. Waimbaji wanadhani ni kilio kimenikaba. Si kilio. Ni kama mtu aliyebisha hodi kwa nguvu zake zote, mlango usifunguliwe, na sasa anaona haya kubisha tena.

Nilikaa muda wa kuchemka birika, nikatoka. Alikuwa amesimama nje ya mlango.

"Umeomba?"

"Nimeomba."

Machi 11

Mvua. Sketi sita. Nimepiga magoti, nimetoka.

Machi 14

Yameota, trei zote mbili, yakitoa vichwa kama wazee waliovaa kofia. Mume wangu alikuwa karibu kucheka.

Machi 16

Wifi yangu amekuja, dada yake mume wangu, anayeuza mitumba sokoni. Sikuwahi kumpenda sana. Siku ya msiba wa mwanangu alikuwa akipanga viti na kuchekesha watu, jicho kavu kabisa, nami nikamwekea kinyongo.

Leo amechungulia chumba cha nyuma akauliza, "Wifi, nikiyasalimia maharage nitaharibu utafiti?"

"Muulize kaka yako."

"Kaka yangu nimemuuliza kama anakula. Akaniambia miche ina sentimita nne. Nikamuuliza analala? Akaniambia sentimita nne na nusu." Akashusha sauti. "Wifi, huyu mtu anapukutika. Suruali anaifunga kwa kamba chini ya mkanda. Hujaona?"

Nilikuwa sijaona. Mimi ni fundi wa nguo, na sikuona.

Machi 19

Mchungaji amepita kutujulia hali. Mume wangu akamwonyesha trei na michoro yake yote. Mchungaji alisikiliza akiwa ameshika kofia, halafu akasema lile nililojua atasema, kwamba Mungu hapimwi kwa rula.

"Sawa," mume wangu akajibu. "Nipe kifaa kingine. Nitakitumia hicho."

Mume wangu akaendelea, bila hasira, kama anayeomba maji: "Wenzangu wenye maabara kubwa wamejaribu kwa wagonjwa. Hawa wakaombewa, wale hawakuombewa, na mpaka leo wanabishana. Sina maabara, mchungaji. Nina maharage. Niambie nifanye nini na mimi nijue."

"Imani, mwalimu..."

"Mke wangu alikuwa nayo. Alikuwa nayo ya kutosha kuwagawia mtaa mzima. Umemwona alivyo?"

Wakaniangalia wote wawili. Nikaondoka kwenda kuchukua vikombe.

Machi 22

Miche ya kulia imeipita ya kushoto.

Machi 23

Leo nilijaribu kweli. Nilisema, "Baba yetu," kisha nikaona ua wa hospitali, watu wangu wa kwaya wamepiga magoti kwenye matope, na nesi akitoka mlangoni akivua glavu. Nikainuka. Nimeshindwa kuombea hata maharage.

Machi 27

Mvua haijakatika tangu juzi. Ukuta wa chumba cha nyuma umeota ukungu. Miche ya trei ya kulia inanona, ya kushoto miwili imeanza kuwa ya njano. Labda upepo wa dirishani, labda mbegu zenyewe. Mume wangu anageuza kila trei palepale ilipo kila jioni ili mwanga uwe sawa, anapima, anaandika, haniulizi. Lakini ananiangalia. Nikipita na sahani anauangalia uso wangu kama mwanafunzi anayevizia majibu kwenye meza ya mwalimu.

Chakula amegusa tu. Ana kisukari tangu ujana, kile cha kujidunga sindano asubuhi na jioni, na mtu wa namna hiyo akicheza na mlo anacheza na roho yake. Nimemwambia. Akasema, "Wiki moja tu, mama. Wiki moja tutakuwa tumejua."

"Na tukijua hapana?"

Safari hii alijibu. "Basi nitakuwa nimechoka," akasema. "Nitakuwa nimechoka sana."

Sijashona kitu.

Aprili 2

Leo ndiyo ilikuwa siku.

Hakwenda shuleni. Alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe nililomshonea mwaka ule alipopandishwa cheo, likamning'inia mabegani kama limeanikwa. Akapima miche yote, mmoja mmoja, akajumlisha, akagawanya, akarudia. Ya kulia ilikuwa mirefu kuliko ya kushoto kwa kiasi ambacho hata mimi niliona kwa macho. Akaketi kwenye kiti cha cherehani yangu, mikono katikati ya magoti.

"Sasa niambie. Ulikuwa ukiombea ipi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Nilikuwa nimeupanga tangu alfajiri: sikuomba, nisamehe, jaribio lako halipo. Kisha nikamwangalia. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Midomo imekauka. Nimewahi kuuona uso ule mara moja tu, kwenye korido ya hospitali, siku daktari alipotoka na ile karatasi ya majibu, kabla hajafungua kinywa.

Nikasema, "Ya kulia."

Akainama mpaka kipaji cha uso kikagusa cherehani, mabega yakawa yanatetemeka. Mwaka mzima hakulia, hata kaburini hakulia. Nikamshika mgongo. Alikuwa akisema kitu kimoja tu, tena na tena: "Yuko mahali. Yuko mahali. Yuko mahali."

Mungu kama yupo ananijua leo mimi ni nani.

Aprili 3

Amekula sahani nzima. Ameongeza.

Aprili 5, Jumapili

Mume wangu amesimama kanisani kutoa ushuhuda. Alizungumza kwa ufasaha, kwa utulivu, kama yuko darasani. Akaeleza udongo, maji, sarafu. Alipofika kwenye majibu, watu walipiga makofi na vigelegele, mama mmoja akaanguka. Waimbaji wangu wakaanzisha wimbo bila kunisubiri.

Mchungaji peke yake hakupiga makofi. Alikuwa akiniangalia mimi.

Nyumbani mume wangu aliimba akioga. Ni mara ya kwanza namsikia akiimba tangu mvua za mwaka jana. Nikakaa nje ya mlango kama mwizi, nikaisikiliza.

Aprili 6

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua ni fupi kiasi hiki.

Asubuhi nimefungua friji nikakuta kichupa chake cha insulini kiko vile vile nilivyokiacha jana asubuhi. Nikamwuliza. Akanikalisha chini. Akanishika mikono yote miwili.

"Jaribio moja si jaribio," akasema. "Lazima lirudiwe. Na maharage si mtu. Watasema ni bahati."

"Nani watasema?"

"Mimi nitasema. Nitaamka siku moja usiku niseme ilikuwa bahati, na nitampoteza tena mtoto." Macho yalikuwa yanang'aa kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Kwa hiyo safari hii mche ni mimi. Nimeacha sindano tangu jana jioni. Wewe niombee."

"Baba Chiriku, utakufa."

"Si uliomba, ikarefuka?"

"Sindano nazo ni za Mungu!"

"Hayo ni maneno ya mchungaji. Wewe una kitu kuliko maneno. Nimekipima."

Nililia, nikamshika miguu. Nilitishia kuita watu. Alinifuta machozi kwa pole yote, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake ambaye bado hajaiona habari njema. Ulimi ulikuwa tayari, maneno yalikuwa hapa, kwenye meno: nilidanganya. Nikafikiria ile sauti bafuni. Nikajiambia ataona kiu kesho, atajihurumia, atajidunga mwenyewe bila mimi kumwua kwa mkono wangu.

Aprili 7

Anakunywa maji jagi kwa jagi. Anakwenda chooni kila mara. Nilijaribu kumdunga amelala, akaamka, akaitoa sindano mkononi mwangu kwa upole akaitupa dirishani.

Mchana nilikwenda kwa mchungaji, nikamwambia yote, nimesimama mlangoni na mwavuli unachuruzika. Nilitaka anikemee. Akavuta kiti nikae.

"Nilijua," alisema. "Mtu aliyejibiwa maombi hana uso kama wako."

"Nisaidie. Njoo umwambie wewe."

"Mimi nikimwambia hatanisadiki, atasema naona wivu. Ni wewe, mama." Kisha, nilipokuwa nainuka, akasema kwa sauti ya chini bila kuniangalia: "Na usidhani uko peke yako. Tangu tumzike yule mtoto, mimi mwenyewe naomba kama mtu anayeongea kwenye simu iliyokatika. Naendelea kuongea kwa sababu watu wamenizunguka wanaangalia."

Miaka yote hii nilidhani yule mzee ana ufunguo na ananinyima tu.

Nimerudi. Mume wangu amelala, anatapika. Nimesema moyoni kesho asubuhi, kesho asubuhi. Mwoga hana kauli nyingine.

Aprili 8

Naandika hospitali, kwenye benchi. Hospitali ile ile. Ua ule ule, umejaa maji.

Alfajiri nilisikia anapumua kama mtu anayepanda mlima, kwa nguvu, bila kupumzika. Pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyooza. Macho yameingia ndani. Nikampigia wifi simu. Alifika na kanga iliyolowa mpaka kiunoni, amevua viatu kavishika mkononi. Hakuchekesha mtu. Aliweka mkono kwenye paji la kaka yake akasema, "Anyanyuke twende."

"Hapana," mume wangu akasema. "Bado. Mpeni nafasi."

"Nani?"

"Mungu. Msimwingilie."

"Kaka, Mungu aliumba na madaktari, acha ukaidi..."

"Nimepima!" Alijaribu kupaza sauti ikatoka kama karatasi inayochanwa. "Nimeshapima."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamshika kidevu ili aniangalie.

"Hujapima kitu," nikamwambia. "Sikuomba."

Akanitazama.

"Sikuomba hata siku moja. Nilikuwa naingia chumbani nakaa. Siwezi kuomba, Baba Chiriku. Tangu mwaka jana siwezi. Nilikuwa nakudanganya mlangoni kila asubuhi."

Mvua tu juu ya bati. Wifi ameziba mdomo.

"Lakini ya kulia..." akasema.

"Sarafu ilisema kushoto."

"Kushoto ndiyo mifupi."

"Ndiyo."

"Ulisema kulia."

"Nilisema kulia kwa sababu niliuona uso wako."

Alifumba macho. Nilidhani amekwenda. Midomo ikawa inacheza, nikainama karibu, na hata pale, maji yamemfika shingoni, alikuwa bado Bwana Kipimo: "Basi hakuna jaribio lililofanyika."

"Hakuna."

"Nimemwagilia maharage tu."

"Nisamehe."

Akapumua zile pumzi zake, tatu, nne. Kisha akasema neno ambalo sijui nilipokee vipi. "Basi Mungu hajaulizwa bado."

Akageukia ukutani. Wifi hakusubiri. Alimkamata kwapani, mimi miguuni, tukamtoa kwenye tope mpaka kwenye pikapu ya jirani muuza mbao. Hakutupinga. Kama alikuwa amekubali au amezimia, sijui mpaka sasa. Njiani wifi alimpakata kichwa, akimfunika mvua kwa kanga yake, na alikuwa analia kwa sauti, akimtaja kaka yake, akimtaja na Chiriku, kilio cha mwaka mzima. Nikakumbuka vile viti. Kumbe mtu anaweza kupanga viti ili asianguke.

Nesi amesema tungechelewa hadi mchana tungeleta maiti.

Aprili 9

Ana dripu mbili. Hajaamka.

Aprili 10

Hajaamka. Mchungaji alikuja, akakaa kando yangu mpaka jioni. Hakuomba kwa sauti wala hakunitaka niombe. Alikwenda kuchota maji, akarudi, akakaa.

Aprili 11

Ameamka. Amemwuliza nesi kipimo cha sukari. Mimi hajaniangalia.

Aprili 12, Jumapili

Anazungumza na daktari, na wifi, na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu mpira. Mimi nikiingia anafumba macho. Nimemnawisha miguu, nimembadilisha shati, hakusema neno. Anadungwa sindano zake bila ubishi. Ameupata mwili wake, na kilichokuwa ndani nimekitoa mimi, kwa mkono wangu, mara mbili: mara ya kwanza kwa uongo, mara ya pili kwa ukweli.

Leo kanisani wamesoma jina lake kwenye wagonjwa. Baadhi ya watu, wifi ananiambia, wameguna.

Aprili 13

Vivyo hivyo.

Aprili 14

Mchana, saa ya kutazama wagonjwa. Mvua kubwa. Wodi ilikuwa imejaa watu na miavuli, na kelele za bati zilifanya kila mtu aongee kwa kupiga kelele. Nilikuwa nakunja shuka. Akasema, akiangalia dari:

"Ulikuwa unafanya nini mle chumbani?"

Niliruka kama niliyeguswa na umeme. "Chumba gani?"

"Asubuhi. Ulipokuwa huombi. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nakaa."

"Muda wote ule?"

"Napiga magoti. Nangoja lije neno, haliji, natoka."

Akafikiri. "Kila siku uliingia."

"Kila siku."

"Ungeweza kukaa tu bila kupiga magoti. Mimi nilikuwa nje, nisingejua."

Aligeuza shingo akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ile. Amezeeka. Sote tumezeeka.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Ulinipa mtoto siku sita, ukamchukua tena."

"Najua, Baba Chiriku."

"Zilikuwa siku nzuri." Sauti ikamkatika. Akangoja irudi. "Sitampata kwa kupima, si ndiyo? Niambie wewe. Nimechoka kujiambia peke yangu."

"Sijui. Nahisi hutampata."

Alilia basi, si kama siku ile kwenye cherehani. Alilia kama mtu anayejua anachokililia. Nikapanda kitandani, viatu na vyote, nikamshika, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka upande kwa adabu.

Baadaye akasema, "Omba."

"Nimeshakwambia siwezi."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye kwamba huwezi."

Niliona haya. Nesi alikuwa akisukuma kitoroli cha dawa, mtoto wa mtu akilia kwenye korido. Nikafumbua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya kiongozi wa kwaya, ilikuwa ya mwanamke anayegombana dirishani na jirani.

"Siwezi," nikasema. "Unasikia? Siwezi. Tulikuomba kwenye ua huu huu tumepiga magoti kwenye matope, ukanyamaza, na mimi sina tena cha kukwambia. Ulikuwa wapi? Nakuuliza. Ulikuwa wapi yule mtoto akiniita?"

Watu wakageuka. Wifi, aliyekuwa anaingia na chupa ya maji, akasimama mlangoni. Mume wangu hakuniziba mdomo. Alinikamata mkono, akaukaza mpaka vidole vikaniuma, nami nikaendelea. Nikamwambia juu ya nesi na glavu zake. Nikamwambia juu ya kwaya na mdomo usiotoa sauti, juu ya uongo wangu, juu ya vitu vyote vya mwaka mzima. Niliendelea mpaka saa ya kutazama wagonjwa ikaisha na wakaanza kuwatoa watu.

Hakuna aliyenijibu. Nesi akasema, "Mama, muda umekwisha." Nikamwambia angoje kidogo, sijamaliza.